Uzi: Anga la kusini lilipimwa kwa lenzi ndogo kuliko darubini ya dereva wa watalii. Wa Arusha na Moshi tuingie kazini

Darubini Njiro

Wakuu, salaam. Kila mara mtu akiuliza humu jinsi ya kuanza kutazama nyota, mazungumzo yanaishia kwenye bei ya darubini. Naomba leo tuanzie pengine: tuwaangalie watu walioliandika anga la kusini mwanzoni, na vyombo walivyokuwa navyo mkononi. Uzi ni mrefu, mwenye muda avute kiti.

Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alifika Cape Town mwaka 1751. Kati ya Agosti mwaka huo na Julai 1752 alipima mahali pa nyota karibu 10,000. Lenzi aliyoitumia ilikuwa na upana wa nusu inchi tu, kama milimita 13, na ilikuza mara 8. Sasa fikiria darubini ya macho mawili anayovaa shingoni dereva anayepeleka wageni Ngorongoro. Lenzi yake ni milimita 42 au 50. Inakusanya mwanga karibu mara kumi ya ile ya Lacaille, na zaidi.

Alifanyaje? Hakuhangaika kuifuata nyota moja moja. Aliifunga darubini ielekee mstari wa kaskazini na kusini, kwenye kimo alichochagua usiku huo, anga likawa linapita lenyewe mbele yake. Ndani ya darubini, mahali jicho linapotazama, aliweka kifremu chembamba chenye umbo la uru la karata. Nyota ikigusa ukingo wa kwanza, anasikiliza saa na kuandika sekunde. Ikitoka ukingo wa pili, anaandika tena. Nyakati hizo mbili zinatosha kukokotoa nyota ilikuwa wapi. Kisha inaingia nyingine, na nyingine, hadi kunakucha. Kesho anasogeza darubini kidogo, anaanza upya. Wenye darubini kubwa kuliko yake walikuwepo Ulaya. Kilichompa nafasi yake katika historia ni lile daftari la sekunde.

Ndiye aliyejaza sehemu zilizokuwa tupu kwenye ramani kwa makundinyota 14, karibu yote vyombo vya kazi: Darubini, Saa, Dira, hata kile kifremu chake akakiweka angani, ndiyo Reticulum. Moja tu akalipa jina la mahali, mlima ule unaoonekana toka Cape Town, Mlima Meza. Mtu aliyekulia chini ya Meru au Kibo ataelewa kwa nini mlima ulimkaa moyoni.

Kabla yake walikuwepo wengine. Mwaka 1595 meli nne za Waholanzi zilielekea Mashariki ya Mbali, na mchora ramani Petrus Plancius alimwagiza mwongoza meli Pieter Dirkszoon Keyser aandike nyota ambazo Ulaya hazionekani. Keyser alifariki Banten, kisiwani Java, mwaka 1596. Vipimo vilirudi bila yeye. Humo ndimo yalimotoka makundinyota mapya 12, mengi ni wanyama: Kinyonga, Tausi, Nzi, Korongo na wenzao. Mwenzake wa safari, Frederick de Houtman, baadaye alifungwa Aceh, Sumatra, akaendelea kutazama nyota. Orodha yake ya nyota kama 300 aliichapa mwaka 1603 mwishoni mwa kamusi ya Kimalei. Kitu kile kinanigusa sana, mfungwa anahesabu nyota na kukusanya maneno kwa wakati mmoja.

Edmond Halley, huyu wa nyotamkia, aliacha masomo Oxford akiwa na miaka 20, akaenda kisiwa cha St Helena. Mawingu yalimsumbua vibaya, hata hivyo alirudi na nyota 341, na tarehe 7 Novemba 1677 aliiona Utaridi ikikatiza mbele ya Jua.

Na John Herschel. Huyu ndiye alikuja na chombo kikubwa kweli: kioo cha sentimita 46 kwenye bomba la mita 6, alichokisimamisha Feldhausen nje ya Cape Town kuanzia 1834 hadi 1838. Vioo vya wakati ule vilikuwa vya chuma, vinapata kutu ya hewa na kufifia, kwa hiyo alikuja na vitatu na kuving'arisha upya kwa mikono yake. Alirudi Uingereza na orodha ya nebula (madoa ya ukungu angani) na vishada vya nyota 1,707, na nyota pacha 2,102. Lakini jambo ninalolipenda kuliko yote halikuhitaji kioo kile. Tarehe 16 Desemba 1837 aliinua macho akaona nyota Eta Carinae imeng'aa kuliko alivyoizoea. Alijua imebadilika kwa sababu alishaitazama na kuandika mara nyingi kabla. Mwaka 1843 nyota hiyo ilikuwa ya pili kwa mwangaza angani kote usiku, nyuma ya Sirius tu. Kisha ikafifia. Leo imeng'aa tena kiasi, penye giza unaiona kwa macho matupu.

Nasimama hapa kwanza, maswali karibuni.

Kijana wa Sakina

Mkuu, naweka kambi hapa. Swali langu: sisi mlima umetuziba. Nikitoka nje nyumbani upande mzima ni Meru. Huoni tuko mahali pabaya?

Darubini Njiro

Mdogo wangu, tuko mahali ambapo Lacaille angepanda meli kuja.

Meru iko kaskazini ya mji. Ukiwa mjini inafunika kama digrii 12 za anga la upande huo. Moshi nako Kilimanjaro iko kaskazini. Kusini ni wazi: Arusha tunatazama tambarare za Simanjiro, Moshi wanatazama Kahe hadi Nyumba ya Mungu. Mlima umekaa upande ambao hatuna haja nao sana, maana Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo hata kama mlima usingekuwepo.

Tuko digrii 3 na kidogo kusini ya ikweta. Maana yake ncha ya anga ya kusini kwetu iko digrii 3 tu juu ya upeo, na nyota nyingi zinapanda wima toka mashariki na kuzama wima magharibi. Msalaba wa Kusini ukifika juu kabisa unakuwa kama digrii 33 toka ardhini. Katikati ya Mei, saa tatu usiku, geuka kusini uone Msalaba umesimama, kisha geuka nyuma uone Dubu Mkubwa juu ya Meru. Herschel akiwa Cape Town sehemu ya Dubu ilimzamia. Akiwa kwao Uingereza Msalaba hakuuona kabisa. Sisi tunaviona vyote viwili kwa kugeuza shingo.

Msalaba ukiwa wima, shuka na mguu wake mpaka ardhini: hapo ndipo kusini. Angalia tu usidanganywe na Msalaba wa Uongo, ulio magharibi yake. Huo ni mkubwa zaidi na umefifia. Msalaba wa kweli una nyota mbili kali pembeni yake, Alpha na Beta Centauri, zinazouelekea.

Dereva wa Nyanda

Wakuu, habari za jioni. Mimi kazi yangu ni kupeleka wageni, na huko kambini Tarangire na Ndutu giza lake si la mchezo. Wageni wote wanauliza Msalaba. Wengi wanatoka nchi ambako hawajawahi kuuona, wengine wanatoa machozi.

Sasa kuna kitu nimekuwa nakiona, naomba unieleze. Msalaba ukiwa juu, upande wa mashariki, kaskazini ya zile nyota mbili kali, kuna nyota moja kama imepanguswa na kitambaa, haikai vizuri kwenye jicho. Nikaegemeza viwiko kwenye boneti ya gari ili darubini isitetemeke. Nikaona duara la ukungu, katikati pamenenepa, pembeni panapotea polepole. Kila nikitulia linazidi kukua. Si wingu maana kesho yake liko palepale.

Darubini Njiro

Kaka Dereva, hiyo ni Omega Centauri. Ptolemy aliiandika kama nyota. Halley akiwa St Helena mwaka 1677 ndiye aliyeandika kwamba ina ukungu. Herschel kwa kioo chake akaona nyota moja moja zisizohesabika. Leo tunajua ni kishada cha nyota kama milioni 10, umbali wa miaka ya nuru kama 17,000.

Ulichoandika hapo juu, "katikati pamenenepa, pembeni panapotea polepole, palepale kesho yake", ndiyo kazi yenyewe. Ongeza tarehe, saa na mahali, kisha uhifadhi. Hilo la boneti na viwiko kila mtu alishike: mkono ukitetemeka, darubini nzuri na mbaya zinakuwa sawa.

Na moja ya zile nyota mbili kali, Alpha Centauri, ina habari yake. Thomas Henderson aliipima akiwa Cape mwaka 1832 na 1833. Ukiitazama miezi sita tofauti inaonekana imesogea kidogo sana, kwa sababu Dunia imehama upande wa pili wa Jua. Toka hapo unapata umbali. Alichelewa kuchapisha hadi 1839, Bessel wa Ujerumani akawa ameshatangulia na nyota nyingine mwaka 1838. Umbali wa Alpha Centauri ni miaka ya nuru 4.4 hivi. Ndiyo jirani zetu.

Mzee wa Kibosho

Vijana, nimesoma na nimefurahi. Mwaka 1970 nilikuwa mtoto wa shule. Mama alituamsha alfajiri tukatoke nje, kwenye migomba. Mashariki kulikuwa na nyotamkia, mkia umesimama juu, mweupe, unaona kwa macho bila chochote. Wengine walisema ni vita vinakuja. Mama alituambia tutazame tu vizuri ili tukumbuke. Mpaka leo sijaiona nyingine kama ile. Ilikuwa ipi?

Halafu usisahau kuwa watu wetu nao walitazama. Mwalimu wangu wa darasa la nne alitoka Pangani, alitufundisha kuhusu kile kishada cha nyota: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Darubini Njiro

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa kutuletea hili.

Hiyo ni nyotamkia ya Bennett. Aliigundua Jack Bennett wa Pretoria tarehe 28 Desemba 1969. Hakuwa mwanafalaki wa kuajiriwa. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye mapenzi, na darubini ya lenzi ya inchi 5, anayezunguka anga kila usiku akitafuta nyotamkia. Tatizo lake lilikuwa kwamba vitu vingi vya ukungu vinafanana na nyotamkia, kwa hiyo aliandika orodha ya vitu 152 vya anga la kusini ili asipoteze muda navyo. Orodha hiyo mpaka leo watazamaji wa kusini wanaitumia kama mwongozo. Mwaka 1968 aligundua pia nyota iliyolipuka kwenye galaksi ya M83, kwa jicho lake kwenye darubini hiyohiyo.

Na kuhusu kilimia, uko sahihi kabisa mzee, na nilipaswa kuanzia huko kwa heshima. Kilimia kinapotelea kwenye mwanga wa Jua mwezi Mei, masika ikiwa bado, kinarudi alfajiri mwezi Juni, mvua zimekatika. Ile methali ni matokeo ya kutazama miaka mingi, vizazi na vizazi, mpaka uhakika ukapatikana. Mabaharia wa pwani nao waliijua Suheli, nyota ambayo Wazungu wanaiita Canopus. Ahmad ibn Majid katika karne ya 15 alitunga mashairi ya kuongozea vyombo hadi Sofala, humo ameweka vimo vya nyota. Watu wa Ulaya walipofika huku, bahari hii ilikuwa na wasomaji wa nyota tayari.

Binti Pasua

Samahani kaka, sijaja kubeza. Nauliza kwa moyo safi. Setilaiti ya Gaia, iliyofanya kazi hadi 2025, imeshapima nyota zaidi ya bilioni moja. Mimi nikikaa nje na baridi la Julai na kidaftari changu, naongeza nini kipya? Au ni starehe tu? Hata kama ni starehe si vibaya, ila tuambizane ukweli.

Darubini Njiro

Dada, swali lako ndilo zito kuliko yote humu.

Mahali pa nyota hatuwezi kushindana. Lakini mwangaza unabadilika, na hakuna chombo kinachotazama kila nyota kila usiku. Nyota kali zinasumbua darubini kubwa, mwanga wake unazidi uwezo wa vifaa. Hapo jicho lako lina kazi.

Mfano: Albert Jones wa New Zealand. Maisha yake yote hakuwa mwanafalaki wa kulipwa. Alifanya makadirio zaidi ya 500,000 ya mwangaza wa nyota, peke yake. Mwaka 1946 alikuwa anatazama nyota yake ya kawaida akagundua nyotamkia. Mwaka 2000, akiwa na miaka 80, akagundua nyingine. Na Februari 1987, ilipolipuka nyota kwenye Wingu Kubwa la Magellan (galaksi ndogo jirani, kwa macho ni kama kiwingu), wa kwanza kuiona walikuwa Ian Shelton na Oscar Duhalde huko Chile, na ndani ya saa chache Jones aliiona mwenyewe toka kwao. Mlipuko ule ulionekana kwa macho matupu. Kwetu Februari saa tatu usiku Wingu Kubwa liko karibu na kimo chake cha juu kabisa, digrii 24 upande wa kusini, na ni wakati wa kiangazi kifupi. Likitokea tena, mtu wa Kahe ana nafasi sawa na mtu wa Chile. Sharti awe analijua wingu lile kwa sura.

Ukitaka kuanza bila chombo chochote, chukua nyota inayoandikwa l Carinae, herufi l ndogo. Iko kati ya Msalaba wa Uongo na Eta Carinae, Aprili iko juu kusini saa tatu usiku. Inapanda na kushuka kwa siku 35 na nusu, toka daraja la mwangaza 3.3 hadi 4.2 (namba ndogo ndiyo kali zaidi). Chagua jirani mbili zisizobadilika, moja kali kidogo kuliko yake, moja hafifu kidogo. Jiulize: leo iko karibu na ipi? Andika. Baada ya mwezi na siku kadhaa utaiona imezunguka, kwa mkono wako. Chama cha AAVSO cha Marekani, cha watazamaji wa nyota zinazobadilika, kilichoanza 1911, kinapokea makadirio ya mtu yeyote toka nchi yoyote, na cha kwako kitahifadhiwa pamoja na vya Jones.

Binti Pasua

Nimekuelewa kaka. Sikujua kama wanapokea vya mtu yeyote. Nitaanza na hiyo l ndogo.

Ticha Majengo

Mkuu, mimi nafundisha sekondari, fizikia na hesabu. Hatuna darubini. Wanafunzi wana simu chache za wazazi. Nianzie wapi? Na wanapenda vitu vyenye mjadala, si kukariri majina.

Darubini Njiro

Mwalimu, wape kisa cha timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima.

Mwaka 1752 Lacaille alipima pia umbo la Dunia upande wa kusini. Alipima urefu wa ardhi kaskazini ya Cape Town, kisha akapima vimo vya nyota kwenye ncha zote mbili. Jibu likaja la ajabu: nusu ya kusini ya Dunia ilionekana kama imechongoka kuliko ya kaskazini. Watu walikaa na fumbo hilo miaka mingi. Mwaka 1820 George Everest alipita Cape, akaenda kuangalia sehemu zile, akashuku milima. Mlima ni mzito, una mvutano wake, unaivuta timazi kidogo pembeni. Timazi ikipinda, kimo cha nyota kinapinda nayo. Miaka ya 1840 Thomas Maclear alipima upya kwa mstari mrefu zaidi, ikathibitika: Dunia haikuwa na kasoro, na Lacaille alikuwa amepima kwa uaminifu.

Sasa waulize vijana wako: fundi anayejenga Moshi, chini ya mlima wa mita 5,895, timazi yake inaelekea wapi? Kwa nini ukuta hauanguki? Watabishana wiki nzima na watajifunza mvutano, pembe na makosa ya vipimo kwa pamoja.

Kuhusu simu: mwaka 1882 ilionekana nyotamkia kubwa mno. David Gill, mkuu wa kituo cha falaki Cape, hakuwa na vifaa vya picha. Akamwendea mpiga picha wa mtaa wa Mowbray, bwana Allis, wakafunga kamera yake ya kupigia watu picha juu ya darubini. Nyotamkia ikatoka, na nyuma yake zikatoka nyota nyingi kiasi kwamba Gill akaamua kupiga picha anga lote la kusini. Mradi ule, pamoja na Kapteyn wa Uholanzi aliyepima sahani za picha, ulizaa orodha ya nyota 454,875. Kwa hiyo simu iliyoegemezwa kwenye tofali, ikiachwa wazi sekunde kumi na kuendelea kwenye ile hali ya usiku, ina mzazi mwenye heshima. Msalaba utatoka, na ukiwa mbali na taa hata lile doa jeusi pembeni yake litatoka.

Daftari liwe hivi, bila mapambo: tarehe, saa, mahali, hali ya mawingu, mwezi upo au haupo, chombo (hata kama ni macho), kisha ulichoona. Kama hukuona kitu, andika hivyo pia. Herschel aliweza kusema Eta Carinae imebadilika kwa sababu siku za kawaida nazo alikuwa ameziandika.

Mzee wa Kibosho

Hilo la kuandika liko hata kwenye mlima wetu. Mmisionari Mjerumani, Rebmann, aliandika tarehe 11 Mei 1848 kwamba ameona weupe juu ya Kilimanjaro. London kuna waliosema haiwezekani theluji karibu na ikweta. Shajara yake ndiyo iliyomsimamia.

Kijana wa Sakina

Wakuu, tukutane basi. Sakina taa zimezidi, nikitazama toka nyumbani Msalaba naupata ila mawingu ya Magellan siyaoni kabisa.

Darubini Njiro

Kwa taa za mji hayawezekani, usijilaumu. Kwa Arusha napendekeza upande wa Oljoro, tukipita taa za mwisho, kusini ni wazi kabisa. Wa Moshi, Mwalimu aangalie barabara ya kuelekea Kahe, mbali na taa za kiwanda. Siku ziwe za giza la mwezi, Ijumaa ili wanafunzi wasikose shule, na kila mwanafunzi awe na ruhusa ya mzazi.

Leteni koti, daftari, penseli (kalamu inagoma kwa baridi) na tochi iliyofungwa nailoni nyekundu mara mbili, kwa sababu mwanga mweupe unaua macho yaliyozoea giza na inachukua kama nusu saa kuyarudisha. Simu zizimwe vioo. Dereva, kama hauko safari siku hiyo, njoo na darubini yako.

Dereva wa Nyanda

Nitakuwepo. Gari lina nafasi ya watu saba toka Kijenge. Waandike majina hapa chini.